Mjomba Taa Haoni Chakula Chake

Pale mto unapoingia baharini, kwenye mizizi ya mikoko, aliishi samaki mdogo aina ya chaa. Jina lake Kidawa. Alikuwa mdogo kama kijiko cha chai!

Maji yalipojaa, samaki wote waliimba:
"Maji yajaa, maji yajaa!
Twende mikokoni, tuna njaa!"

Swaa! Wakaingia mbio. Chuchunge wakadaka vidudu juu ya maji. Tasi wakatafuna mwani. Chaa wakafukua minyoo mchangani.

Kidawa akaona mnyoo. Akafungua mdomo. Puu! Kaka yake, Athmani, akamsukuma.

"Kaka, mnyoo wangu huyo!"

"Nimemwona mimi kwanza," akasema Athmani, mdomo umejaa.

Kidawa akalala na njaa. Maskini!

Kesho yake wakaimba tena:
"Maji yajaa, maji yajaa!
Twende mikokoni, tuna njaa!"

Kidawa akaona mnyoo. Akafungua mdomo. Puu! Changu mnene akampiga kikumbo.

Tumbo la Kidawa likanguruma. Leo pia atalala na njaa?

Mara matope yakatibuka. Fuku, fuku, fuku!

"Mjomba Taa huyo! Kimbieni!"

Mjomba Taa ni samaki bapa, mpana kama sinia. Mkia wake una mwiba. Akiwa na njaa, hasemezeki!

Swaa! Wote wakakimbia. Kidawa hakuweza. Njaa imemmaliza nguvu.

"Shikamoo, Mjomba Taa," akasema Kidawa.

"Marahaba. Mbona hukimbii?"

"Njaa, mjomba."

"Hata mimi! Nachimba, nachimba, kaa wote wananitoroka!"

Kidawa akamtazama vizuri. Loo! Macho ya Mjomba Taa yako juu, mgongoni. Mdomo uko chini, tumboni. Atakionaje chakula chake?

"Mjomba, kaa huyo! Kushoto kidogo! Hapo hapo!"

Fuku, fuku, fuku! Kwacha!

"Mtamu huyu!" akacheka Mjomba Taa.

Mchanga ukaruka. Minyoo nao wakaruka.

"Wadogo hao siwataki," akasema Mjomba Taa. "Kula wewe, mwanangu."

Nyam! Kidawa akala. Hakuna aliyemsukuma.

"Mjomba, mwingine! Kulia kidogo! Hapo hapo!"

Fuku, fuku, fuku! Kwacha! Nyam!

Nyuma ya mzizi, macho mawili yakachungulia. Ni Athmani.

"Kidawa, na mimi nije?"

Kidawa akafikiri. Bado alikuwa na hasira kidogo.

"Njoo. Lakini usinisukume."

"Sikusukumi, dada. Haki ya nani tena."

Wakala pamoja mpaka maji yakaanza kupwa. Mjomba Taa akajifukia mchangani, akafumba macho.

Alibaki mnyoo mmoja tu. Athmani akafungua mdomo. Kisha akaufunga.

"Kidawa, huyu kula wewe."

"Kula tu, kaka. Nimeshiba."

Kidawa hajawahi kusema neno hilo. Lilimnogea! Akalisema tena, polepole, usingizi umemjaa machoni.

"Nimeshiba."

Akalala.