Sauti Isiyo na Mdomo

Siku hiyo redio ilikuwa imefunguliwa tumbo. Kifuniko kilikuwa sakafuni, waya wa umeme umechomolewa ukutani, na Mawimbi, fundi mstaafu wa majokofu, ameinama mezani anachomelea waya ulioachia. Mkewe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, anamenya vitunguu. Akamsikia mumewe akiongea. Kisha akamsikia mwanamke akimjibu.

Akaenda mlangoni na kisu chake mkononi.

"Unaongea na nani, mzee?"

"Mimi? Sijafungua mdomo tangu asubuhi."

"Na huyo mwanamke?"

"Mwanamke yupi, mama? Redio yenyewe maiti hii, hebu itazame."

Akaitazama. Akanusa pia, maana chumba kilinuka kama pembe ya mnyama iliyoungua. Akarudi jikoni, lakini moyo ulishaingia doa.

Jina la Mawimbi alipewa na majirani tangu ujana wake, alipounda redio ya kwanza kwa vyuma chakavu na kupanda juu ya paa kufunga antena. Wenzake walipenda mpira. Yeye alipenda kuongea na watu asiowajua. Akachukua leseni ya kurusha sauti, akapata marafiki hewani: mpishi wa meli, mwalimu wa hesabu, na daktari wa meno wa nchi ya mbali ambaye aliongea naye kila Jumamosi mpaka wote wawili wakaota mvi, bila kuonana hata mara moja. Mkewe aliizoea redio kama mke mwenza. "Afadhali huyu," aliwaambia rafiki zake. "Hali, wala hadai zamu."

Jumamosi iliyofuata daktari wa meno aliingia hewani na salamu za pole.

"Jana mkeo alinieleza yote," alisema. "Kumbe mama anaijua redio vizuri namna ile."

Mawimbi akaisogelea redio. Mkewe aliogopa hata kuipangusa vumbi ile maikrofoni. "Alisema nini?"

"Kwamba akili imeanza kukuhama. Na kwamba ukimlalamikia, nisikuamini."

Mchana ule, mezani, alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Nani alikufundisha kuwasha redio?"

"Nani kakwambia nimeiwasha?"

"Daktari."

"Mng'oa meno ndiye shahidi wa nyumba yangu?" Mkewe akasogeza sahani. "Na wewe, nani alikufundisha kuficha mwanamke ndani ya spika?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Kila mmoja aliukumbuka msemo huo, na kila mmoja akamtazama mwenzake nguoni.

Kuanzia hapo sauti haikujificha tena. Mawimbi alipovaa spika za masikioni, katikati ya mikwaruzo ya hewani alimsikia mkewe, kwa sauti ileile ya upole ya siku za uchumba wao, akimnong'oneza, "Mzee, usile chakula. Anayepika si mimi." Akaacha kula mezani, akawa anakula ndizi alizozinunua na kuzimenya mwenyewe. Na mkewe, akiwa upande wa pili wa ukuta, ameshika mwiko ambao hakukumbuka tena alikuwa anakoroga nini, alimsikia mumewe akimwambia mtu taratibu, kama anavyobembelezwa mtoto, asubiri tu, avumilie, maana huyu wa jikoni hatamaliza mwezi. Akaanza kulala chumba cha wageni na kufunga komeo.

Dada wa mke ndiye aliyekuja kuwaona, akawakuta wamekonda wote wawili kama waliofungiwa. Hakuuliza mengi. Alirudi na tabibu.

Tabibu alikuwa bibi mfupi, kiziwi tangu homa ilipompata utotoni, anayesoma maneno midomoni mwa watu. Aliweka kiganja juu ya meza ya redio, akanusa, akatulia.

"Lipo," alisema. "Jini la sauti. Halina mdomo, linaazima sauti za watu. Kaeni mtazamane. Msiamini masikio, aminini midomo."

Akachomoa waya wa umeme. Wakakaa magoti yakigusana. Kwanza harufu ya pembe ilipanda, kisha spika isiyo na umeme ikakohoa, na sauti ya mke ikatoka humo, kwanza ikinong'ona, halafu ikilia, ikimsihi Mawimbi akimbie kabla hajamalizwa, ikitaja siri za ndoa yao ambazo hata ukuta haukuzijua, huku yeye akikaza macho kwenye midomo ya mkewe, midomo iliyofumba, inayotetemeka, yenye chozi limekwama pembeni, isiyotoa hata pumzi.

"Si wewe," alisema.

Ndipo spika ikaazima sauti ya Mawimbi, ikatukana. Mkewe akatazama mdomo wake, akamshika mikono. "Wala huyo si wewe."

"Kata," tabibu alimwambia.

Mawimbi alichukua koleo akakata mwenyewe waya wa antena. Spika ikavuta pumzi ndefu ndani, ikanyamaza. Dirisha likajibamiza, na harufu ikaisha.

Alibaki ameshika ncha ya waya. "Daktari atadhani nimekufa," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Tutamwandikia," mkewe alisema. "Wote wawili."

Walimsindikiza tabibu wakiwa wameshikana mikono, jambo ambalo majirani hawakuwa wameliona siku nyingi. Jua lilikuwa bado kali. Bibi alitangulia hatua chache, akafika getini, akasimama ghafla na kugeuza kichwa pembeni, kama ndege.

Mke alimwendea mbele ili aonekane mdomo. "Kuna nini, bibi?"

Tabibu alikuwa ameinua mkono na kujigusa sikio, polepole, kama mtu anayegusa kitu kisicho chake.

"Mama yangu ananiita," alisema. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, akarudi nyuma hatua moja. "Anasema nyinyi si watu wa kuaminiwa."