Karibu ya Mlango Mtupu

Wali uliisha kabla watu hawajashiba.

Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili Sikuzani alimtazama Tabia mikono, Tabia akamtazama Sikuzani mdomo, na Mardhiya, mwenye nyumba na mwenye kupika, akajitetea kabla hajaulizwa: mchele aliotia chunguni ulikuwa uleule wa siku zote. Mwaka ule wa sabini na nne mchele ulikuwa wa kupanga foleni. Hakuna aliyekosea kipimo chake.

"Mwenzetu una minyoo," alisema Tabia.

"Minyoo unayo wewe, mke wa mtu unayekula kama mpagazi. Mimi wa Kiwangwa, kwetu tunashiba mananasi."

Wakacheka tena. Lakini tangu siku ile kila mmoja alianza kula haraka haraka, na chakula cha haraka hakina udugu.

Wanawake hao watatu walikuwa wakitengeneza sinema. Mji mzima wa Bagamoyo ulijua, na nusu yake ilicheka. Kamera ilikuwa ndogo, ya kutia ufunguo kama saa ya mezani. Mardhiya aliinunua kwa mpiga picha wa Kihindi aliyekuwa akifunga duka ahame. Hakufundishwa na mtu, alijifunza kwa kuharibu. Hadithi yao ilikuwa ya mjane anayejiwa na jini nyumbani kwake. Tabia alikuwa mjane, Sikuzani alikuwa jini. Mwanamume hakuwamo, wala si kwa chuki. Vikundi vya maigizo vya wanaume viliwapa wanawake kazi mbili tu, kupigwa kofi na kulia, nao walikuwa wamechoka kulia. Taa kali za kupigia picha hawakuwa nazo, kwa hiyo hata mambo ya usiku waliyapiga mchana, karibu na dirisha.

Tusidanganyane, Mardhiya hakuanza kazi ile kwa kupenda sinema peke yake. Aliachwa huko Pangani kwa kukosa mtoto, akarudi kwenye nyumba aliyoachiwa na shangazi yake, akala peke yake miaka mingi. Anayekula peke yake husikia meno yake mwenyewe. Sinema ilimletea watu kwenye sinia. Kitu alichokiogopa ni siku watakapoacha kuja.

Chanzo cha upungufu wa wali kilikuwa juma lile Sikuzani aliporudi kwao kuvuna. Mardhiya hakutaka kupoteza siku. Alimketisha Tabia kwenye jamvi, sinia mbele yake, mwenyewe akapanda juu ya kigoda na kamera.

"Unakula peke yako. Unasikia hatua. Unatazama mlangoni, unasema karibu."

"Nimkaribishe nani, dada? Mlango mtupu."

"Sikuzani akirudi nitampiga picha akiingia, halafu naziunganisha. Watu watadhani alikuwapo."

"Karibu haitupwi hovyo."

"Sema, Tabia, mwanga unakwenda!"

Tabia akasema, akacheka. Wakarudia. Akasema tena, akapaliwa na wali. Mara ya tatu Mardhiya alimkaripia vibaya, na Tabia, machozi yakimlengalenga kwa hasira, akautazama mlango akasema kwa moyo wake wote, "Karibu. Karibu tule."

Pazia la mlango likavimba kuja ndani, likatulia. Upepo, walifikiri. Hata kulisema neno hilo hawakulisema.

Filamu ilitumwa ng'ambo kwa posta ikasafishwe, nao wakaendelea na kazi wakiisubiri. Sikuzani alirudi, wakala watatu, na wali ukawa unaisha. Pembeni mwa jamvi palianza kunuka udongo uliolowa, kama kisima kilichofunuliwa baada ya kufunikwa muda mrefu. Siku moja Tabia alitoa mzaha katikati ya chakula, wote wakaacha kutafuna ili wacheke, na kutafuna kukaendelea.

Kifurushi kilipofika walifunga madirisha mchana kweupe, wakatundika shuka ukutani. Mardhiya akawasha mashine ya kuonyeshea picha, aliyoinunua pamoja na kamera. Sinema haikuwa na sauti. Tabia alionekana kwenye shuka akila peke yake, akainua uso, midomo yake ikasema karibu mara ya kwanza, ikasema mara ya pili, ikasema mara ya tatu, na wakati yeye bado anatazama mlango ukaingia mkono kutoka upande wa jamvi ambako hakukuwa na mtu, mkono mrefu uliopakwa hina mpaka kwenye kiwiko, ukichuruzika maji, ukafinyanga tonge polepole, ukaondoka nalo, ukarudi, ukafinyanga jingine, wala haukugusa katikati ya sinia, wala haukuvuka upande wa Tabia, ulikula upande wake wenyewe tu, kwa adabu, kama mkono wa mtu aliyelelewa vizuri.

"Zima," Tabia alinong'ona. "Dada, zima."

"Si mkono wako huo?" aliuliza Sikuzani.

"Wangu huo hapo, una bangili! Huo mwingine wa nani?"

Mardhiya akazima. Gizani, karibu kabisa na magoti yao, kitu kilikuwa kikimeza.

Walitoka mbio mpaka barabarani, Tabia bila ya viatu. Huko ndiko walikomwambia Mardhiya neno lao. "Mtoe," alisema Sikuzani. "Akitoka, tutarudi tumalize. Asipotoka, usituite."

Kesho yake Mardhiya akamleta Bi Chausiku, fundi wa majini, mama mnene mtafuna tumbaku asiyependa maneno mengi.

"Nani alimkaribisha?" aliuliza Bi Chausiku, hata hajakaa.

"Ulikuwa mchezo, bibi. Sinema."

"Na yeye alijuaje kuwa ni mchezo? Alikata tiketi?"

"Basi msomee atoke."

"Nimsomee nini? Angevunja mlango ningemsomea mpaka alie. Huyu kaitwa, tena mara tatu, akala kwa adabu zake. Aliyekaribishwa hatolewi kwa kisomo." Akatafuna, akafikiri. "Lakini wahenga hawakuwa wajinga. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jini la pwani lina kiburi, halilimi. Mpe jembe, atachukia, ataondoka mwenyewe."

Alasiri ile Mardhiya aliegemeza jembe kwenye mlango wa uani. Akasema alivyofundishwa: "Mgeni wetu, ugeni wako umekwisha. Jembe hili, na kiwanja kile." Hofu alikuwa nayo, lakini haikuwa hofu tupu. Alijikuta akitaka kumwomba radhi.

Asubuhi kiwanja cha nyuma, kilichokuwa magugu na vigae tangu shangazi yuko hai, kilikuwa kimelimwa chote. Matuta yamenyooka kama yaliyopigwa kamba, udongo mweusi umelowa ingawa mvua haikunyesha, na juu ya udongo ule laini hakuna unyayo hata mmoja, si wa mtu, si wa kuku. Jembe lilikuwa limeoshwa. Lilikuwa limerudishwa ndani, kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa stoo.

Bi Chausiku alikuja, Tabia na Sikuzani wakichungulia nyuma yake. Sikuzani, mtoto wa wakulima, aliinama akalitazama tuta kwa muda.

"Huyu hakulima kwa kuchukia," alisema. "Huyu anataka kuvuna."

Bi Chausiku akatema tumbaku. Akaokota kikapu chake.

"Nimekosea," alisema. "Nilidhani atachukia."

"Sasa nifanye nini, bibi?"

"Aliyelimia nyumba nani atamwita mgeni? Mimi natoa wageni, Mardhiya. Wenyeji siwawezi."

Akaenda zake, hata maji hakunywa. Mardhiya akawageukia wenziwe. "Imebaki kidogo tu," alisema. "Jini anaingia, mjane anamwona, basi. Kazi ya siku mbili."

"Jini unaye humo ndani, dada," alisema Sikuzani taratibu. "Mimi wa nini tena?"

Tabia ndiye aliyebaki akimshika mkono. "Njoo kwetu. Mume wangu hatasema kitu."

"Nikae kwenu mpaka lini?"

Mardhiya aliwahi kukaa kwenye nyumba za watu alipoachwa. Alijua macho yanavyoanza kukuhesabia vijiko vya sukari. Akauondoa mkono wake taratibu, akaingia, akafunga mlango.

Hakulia. Njaa haingoji mtu amalize huzuni, kwa hiyo saa sita alipika. Akapakua, akaweka kipande cha nguru juu ya wali, kimoja tu, ndicho kilichokuwapo. Akatandika jamvi. Nyumba ilikuwa kimya, ile harufu ya kisima imetanda sebule nzima, si pembeni tena, na yeye akaketi upande wake wa zamani, akajipa moyo, akasema bismillahi, akanyoosha mkono, na kabla vidole vyake havijagusa wali kile kipande cha nguru kikatikisika, kikaanza kuteleza juu ya wali polepole, kikivuka sinia, mpaka kikasimama mbele yake yeye.

Pwani hakuna asiyejua. Mwenye nyumba ndiye humsogezea mgeni kitoweo.

Mardhiya akakaa vizuri, akafunika magoti kwa khanga kama mtu aliye kwa watu.

"Ahsante," alisema.