Injini Baridi

Pikipiki ilizimika saa sita kamili mchana, lakini kilichomshtua Fundi hakikuwa kuzimika kwake. Alikuwa ameiendesha nusu saa nzima juani, akaweka kiganja kwenye injini akitarajia kuungua. Ilikuwa baridi kama mtungi.

Aliikokota hadi karakana yake, banda la mabati aliloachiwa na marehemu baba yake, ubavuni mwa nyumba alimoishi na mama. Ilikuwa pikipiki kuukuu, tangi limechubuka, kiti kimeshonwa upya. Kaka yake ndiye aliyeileta wiki hiyo, macho yamemwingia ndani, mwili umempukutika kwa ugonjwa wa miezi miwili usiojulikana jina.

"Nakupa, mdogo wangu. Sema umeipokea."

"Kaka, wewe hata spana hujawahi kunipa!"

"Sema tu."

Fundi akacheka, akasema ameipokea. Kaka akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, akaenda zake bila hata kuomba maji.

Fundi hakuwa msichana wa kukimbilia habari za majini. Wateja walimtania kwamba hata siku akifa, atalikagua jeneza kwanza kama skrubu zimekazwa. Basi akaanza panapoanzwa. Akafungua koki, petroli ikatiririka safi. Akaosha kabureta. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akapiga kiki: cheche ya buluu, nene, haina kasoro. Akabadilisha koili hata hivyo. Kesho yake injini ikanguruma asubuhi nzima, na saa sita ikazima, baridi ileile. Alipoinama kuitazama, akanusa nywele zinazoungua. Mkono ulimwenda kichwani wenyewe.

Siku ya tatu hakuiendesha kabisa. Alichomoa plagi mapema, akaiweka mezani, akatia ufunguo mfukoni, akakaa kwenye kigoda akiingoja kama mtu anayemvizia mwizi. Jua lilipofika utosini, kuku waliokuwa wakiparura nje waliacha, bati lililokuwa likialika kwa joto lilinyamaza, ile harufu ya nywele ikaingia taratibu kama mgeni asiyebisha hodi, na kutoka kwenye tundu la plagi, katika injini ambayo hakuna mguu ulioigusa tangu asubuhi, ikatoka pumzi ya uvuguvugu, ikaingia, ikatoka tena, ndefu kuliko ya mtu, mpaka vumbi la mezani likawa linakwenda na kurudi pamoja nayo.

"Kitinda," sauti ikaita ndani ya chuma.

Hilo lilikuwa jina lake la utotoni, la kitinda mimba. Mama pekee ndiye aliyelitumia, tena wakiwa wawili tu.

"Mama?" akanong'ona, ingawa alijua mama yuko sokoni.

"Si mama," sauti ikajibu kwa upole. "Yeye ndiye aliyenifundisha kukuita."

Fundi alijikuta nje, hajui ametokaje. Alikaa ameegemea ukuta mpaka kuku waliporudia kuparura. Hapo ndipo ufundi ulipoushinda woga, maana palibaki sehemu moja ambayo hakuwa ameikagua: ndani ya taa ya mbele, mahali nyaya zote zinapokutana. Akarudi, akafungua skrubu mbili, akavuta kioo. Katikati ya nyaya kulikuwa na kifuko cha kitambaa cheusi, kidogo kama kokwa la embe. Ndani yake mlikuwa na nywele zake mwenyewe, alizoziacha kwenye kitana.

Si nywele zilizomvunja moyo. Ni mshono. Ulikuwa mfupi, wa kurudi nyuma, umebanwa mara mbili kila pembe. Mshono huo ndio ulioshona sare zake zote za shule.

Mama aliporudi na kapu lake, alikikuta kifuko juu ya meza ya chakula. Hakuuliza ni nini.

"Kaka yako alikuwa anakufa, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ukutani kuna anayesikiliza. "Aliinunua bila kujua imebeba nini. Mganga akasema jini aliyemo hatoki bure. Atatoka akipewa mtu mwingine wa tumbo lilelile."

"Na wangapi tumetoka tumboni mwako, Mama?"

Mama alilitua kapu chini. Walikuwa wawili.

"Nikikichoma hiki?"

"Atamrudia kaka yako. Na safari hii hamalizi wiki." Mama akamshika mkono. "Yeye ana watoto watatu. Wewe una nani? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Kitinda."

"Uchungu wa mwana yupi?" Fundi akauliza.

Mama aliangua kilio. Fundi aliutoa mkono wake polepole, kidole kimoja kimoja. Aliwafikiria wale watoto watatu, mdogo wao ambaye ndiyo kwanza anaota meno, akajua kiberiti hatakigusa. Mama naye alikuwa amelijua hilo kabla hajatunga uzi kwenye sindano.

Alifunga nguo chache na spana za baba katika mfuko mmoja. Akarudishia plagi, akarudishia kioo cha taa, akasukuma pikipiki hadi barabarani. Jua lilikuwa bado kali.

"Utakwenda wapi peke yako?" Mama alimfuata akilia. "Angalau ngoja kesho!"

Fundi alipiga kiki moja. Injini ikawaka, laini, bila kukohoa. Kisha springi za nyuma zikabonyea taratibu, kama zinavyobonyea abiria anapopanda.

Kilio cha mama kilikatika. Alirudi hatua mbili, kiganja mdomoni, na macho yake hayakuwa kwa binti yake. Yalikuwa nyuma ya bega lake. Mikono miwili ya baridi ikamzunguka Fundi kiunoni, ikamshika vizuri, kama mtu anayeogopa kuachwa.

Fundi hakugeuka. Akatia gia, akaondoka.