Kilomita Arobaini Zilizofungwa

Wekulo alikuwa na kipara kinachong'aa na teksi ya umeme inayong'aa. Alivipangusa vyote viwili kila asubuhi kabla ya chai. Pale kituo cha Kawangware 56, Nairobi, walimwita Baba Stima, yaani baba wa umeme, na jina lenyewe alilipenda.

Kila Alhamisi alimpeleka Amondi, muuzaji wa omena, hadi Thika na kumrudisha. Safari hiyo moja ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Lakini Alhamisi hii betri ilikwisha wakirudi, wakiwa karibu kufika Kawangware, tena mbele ya waendesha boda.

"Baba Stima, tukuletee petroli?" wakamcheka. Mmoja alikuwa ameshika mtungi kabisa.

Amondi alijifunga leso kiunoni akasukuma gari. Walipofika, alikuwa anahema.

"Dere, mimi si punda," alisema. "Ikizima tena Alhamisi ijayo, natafuta mwingine."

Wekulo aliingia nyumbani ameishiwa nguvu kuliko gari. Mkewe, Musimbi, alikuwa akikata sukuma wiki.

"Mama Valary, zile pesa za draya..."

Kisu kikasimama. Musimbi alikuwa ameweka akiba mwaka mzima anunue draya ya kukaushia nywele za wateja wa saluni yake.

"Zimefanya nini?"

"Kampuni ya gari imenitumia ujumbe. Nikilipa elfu thelathini, wananiongezea kilomita arobaini kwa kila chaji. Tena kwa mtandao tu. Hata hawaji!"

Musimbi alitoka akagonga mlango wa jirani. Alirudi na Caren, fundi wa magari ya umeme.

"Caren, hiyo pesa wananiletea betri ingine?" Wekulo aliuliza.

"Hapana. Betri ni hiyo hiyo. Kuna nafasi ndani yake wamefunga kwa programu ya kompyuta. Ukilipa, wanafungua."

Wekulo alishika kipara. "Yaani nimenunua nyumba ya vyumba vitatu, kumbe kimoja mwenye kuniuzia amebaki na funguo?"

"Ndiyo hivyo. Si wizi, kama ulijua ukinunua. Lakini uliza kwanza. Unalipa mara moja ama kila mwezi? Ukiuza gari, hizo kilomita zinaenda na gari? Garantii inabaki? Wakujibu kwa maandishi. Na usitume pesa kwa namba ya mtu. Lipia kwa njia rasmi ya kampuni."

"Sawa. Nilipe sasa?"

"Ngoja. Nionyeshe vile unaendesha."

Waliondoka wote watatu. Kwenye mteremko wa kwanza, Wekulo alitoa gia, akaweka gari frii kwa madaha, akaliacha liteleze. Huko chini akakanyaga breki kwa nguvu.

"Baba Valary, umefanya nini?" Caren aliuliza.

"Naokoa mafuta. Miaka kumi na tano nafanya hivyo."

"Mafuta gani?"

Musimbi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

"Hili gari likiteremka, usiweke frii," Caren alieleza. "Liache kwa gia, toa mguu polepole. Mota italizuia, na hapo inarudisha stima kwa betri. Wewe unaimaliza yote kwa breki. Na hizi tairi zina njaa. Zikikosa upepo, betri inachoka haraka. Rekebisha hayo kwanza, upime kilomita zako. Zisipotosha, ndiyo ufikirie kununua."

Wekulo aliona aibu, lakini alijaza tairi upepo siku hiyo hiyo. Wiki nzima mkono wake ulinyemelea frii, na kila mara alijikaripia mwenyewe barabarani, kana kwamba Musimbi yumo garini.

Alhamisi ikafika. Amondi alikuja na leso ya kusukumia. Walienda Thika, wakarudi, na leso ikabaki mapajani. Kwa waendesha boda, Wekulo alipunguza mwendo ili wamwone vizuri. Betri ilikuwa bado na asilimia kumi na tisa.

"Dere, Alhamisi ijayo saa ngapi?" Amondi aliuliza akishuka.

Ule ujumbe wa kampuni bado upo kwenye simu. Wekulo anasema ataufikiria siku atakapopata mteja wa safari ndefu ya Nakuru.

Jumamosi draya iliingia saluni. Wateja walikuwa bado hawajafika, na Musimbi alitaka kujua kama inafanya kazi. Basi Wekulo, asiye na unywele hata mmoja, alikaa chini ya draya dakika kumi, kwa furaha yake mwenyewe.