Msomaji wa Nyota Tano

Jua lilikuwa linazama, na Mwandishi alikuwa amepiga magoti ndani ya duka la vitabu, anahamisha riwaya yake kwa siri. Aliikuta rafu ya chini kabisa, imebanwa kati ya vitabu vya ufugaji wa kuku na vya kupunguza tumbo. Akachomoa nakala zote, akazipanga meza ya mbele, majalada yakitazama mlango.

"Nakuona!" Muuza vitabu alipaza sauti kutoka kaunta. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye koo la dalali wa mnada. "Dada yangu, hata panya wa humu wana haya kuliko wewe!"

"Nakusaidia kupanga, kaka."

"Unapanga au unapindua serikali?"

Mwandishi akacheka, kicheko kirefu kuliko utani wenyewe. Tangu asubuhi hakutulia. Ameketi, amesimama, amechungulia simu, ameirudisha, ameichungulia tena kabla haijapoa.

Ilikuwa riwaya yake ya kwanza, ya joka linalokunywa mito. Ilipotoka, alikaa mtandaoni kusubiri maoni ya wasomaji kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Wa kwanza akampa nyota mbili: "Joka limechelewa kutokea, na mimi nina shughuli zangu." Wa pili nyota moja: "Kitabu kimefika kimelowa." Utadhani yeye ndiye mvua! Baada ya hapo, kimya. Afadhali matusi.

Basi akafanya jambo ambalo hakumwambia hata mdogo wake wa kike, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Akafungua akaunti ya uongo na kujipa nyota tano. Angeishia hapo, yangekwisha. Lakini nyota tupu zilimkera, hazina mtu nyuma yake. Akaumba mtu.

"Mimi ni mjane," aliandika. "Mguu wangu wa kushoto unaniuma, usingizi siujui. Tangu nifiwe na mwanangu, aliyekuwa akiimba wakati wa kupiga mswaki, sikuwahi kucheka. Kitabu hiki nimekisoma kwa mshumaa, kikanichekesha mpaka machozi."

Mhariri wake alikuwa akimwambia kila mara: "Dada, kuandika unajua. Kuacha ndiko hujui."

Na yule mtoto wa kuimba hakumbuni. Alimwiba nyumbani. Binti yake, waliyemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, ndiye aliyekuwa akiimba na povu la dawa likimchuruzika kidevuni. Kumuua kwenye maandishi kulimpitishia Mwandishi ubaridi mgongoni. Akaupuuza. Akatuma.

Watu wakalia na mjane. Wakanunua. Muuza vitabu akayachapa maneno yale kwenye bango, akalibandika dirishani, akampa Mwandishi meza, kalamu na jioni hii ya kusaini. Mpaka giza linaingia walikuwa wametokea wageni wawili. Mmoja aliulizia choo. Wa pili alimsubiri wa kwanza.

Umeme ukakatika.

"Usiogope!" akasema muuza vitabu, akijigonga kwenye kila kitu kilichokuwa njiani. "Naifuata taa stoo. Wakija mashabiki wako elfu, waambie wapange foleni!"

Mwandishi akabaki peke yake na mwanga wa mwisho wa dirishani.

Kwanza ilikuja harufu. Harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi...

Kisha sauti, kutoka kati ya rafu. Hatua moja. Kitu kinaburutwa. Hatua moja. Kitu kinaburutwa.

Mguu wa kushoto.

Mwanamke akasimama mbele ya meza, amejitanda nguo nyeusi, kakumbatia nakala ya riwaya kifuani. Macho alikuwa nayo. Pua alikuwa nayo. Lakini kila Mwandishi alipoutazama uso ule, ulimponyoka, asiweze kusema ni mrefu au wa mviringo, wa kizee au wa kijana. Ndipo akakumbuka.

Uso hakuuandika.

"Karibu, mama," akajikaza. "Nikuandikie jina gani?"

"La mwanangu."

"Anaitwa nani?"

"Wewe ndiye unayejua." Alinong'ona, taratibu, bila kinyongo. "Umenipa mguu unaouma. Nimepokea. Umenipa msiba. Nimepokea. Jina la marehemu hukunipa. Nalia, na simjui ninayemlilia."

"Mama, samahani... yule ni wa kubuni. Hayupo."

"Yupo. Anaimba akipiga mswaki. Nimemsikia."

Mwandishi akafunga mdomo. Akaubana kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayezuia kutapika. Jina lilikuwa pale, nyuma ya meno. Bora aonekane kichaa. Bora kitabu kioze rafuni na kuku wake. Hatalisema!

"Mwandishiii!" Sauti ya mnada ikatoka stoo. "Simu yako uliyoacha huku kwenye chaji inalia! Nimepokea, ni Chiriku wako, anataka mama yake!"

Mjane akatabasamu. Tabasamu, angalau, lilionekana vizuri.

"Chiriku," akasema, polepole, kama anayeonja chumvi. "Ahsante, mwanangu."

Umeme ukarudi. Mbele ya meza hapakuwa na mtu. Kitabu kilikuwa wazi kwenye ukurasa wa kwanza, na juu ya karatasi tone la nta lilikuwa bado la moto.

Muuza vitabu akatokea na taa isiyohitajika tena, simu mkono wa pili. "Vipi, umeuza?"

Mwandishi aliinyakua simu. Kwenye laini alikuwa mdogo wake, hana pumzi.

"Dada, njoo. Mtoto alikuwa kwenye simu anakungoja, mswaki mdomoni, anaimba-imba... akanyamaza ghafla. Namwita, haitiki. Dada, amepoa!"

Alivyofika nyumbani hakumbuki. Anakumbuka kiatu kimoja kilibaki njiani. Chiriku alikuwa ameketi sakafuni mlangoni mwa bafu, macho wazi, povu limemkauka mdomoni. Kifua kilipanda kidogo... kikasita... kikashuka.

"Nakimbilia kwa yule muuguzi jirani," mdogo wake akasema, akatoka mbio.

Mwandishi akafungua simu. Akayatafuta maoni ya mjane. Akabonyeza "futa". Yakafutika. Yakarudi. Akafuta tena, yakarudi tena, nyota zake tano zikimeta kama macho ya paka.

Akajaribu "hariri".

Ikafunguka mara moja, kana kwamba upande wa pili kulikuwa na mtu anangoja kusoma.

"Nilikosea," akaandika. Vidole vilikuwa vikiteleza kwa jasho. "Mwanangu hakufa. Ni mzima."

Nukta. Hapo hapo angetuma. Lakini maneno yalionekana makavu, ya haraka. Nani angeyaamini? Yalitaka kitu kidogo tu, cha kuyapa uhai. Akaongeza:

"Kila jioni anaimba akipiga mswaki, nami humsikiliza nikiwa nyuma ya mlango."

Akatuma.

Chiriku akakohoa.

"Mama! Umekuja lini?" Akajipangusa kidevu, akakunja uso. "Dawa imekuwa chungu. Ngoja nisukutue."

Mwandishi akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kuwa anabanwa. Akamwacha aingie bafuni, yeye akajikokota hadi sebuleni, akaangukia kochi. Maji yakatiririka. Wimbo ukaanza, ule ule usio na mwanzo wala mwisho, na Mwandishi akacheka huku akilia, anajipiga mapaja, anamshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha akaacha kucheka.

Taa zote zilikuwa zinawaka. Hakuna aliyewasha mshumaa nyumba ile. Lakini harufu ilikuwa imejaa sebule nzima...

Kule ndani wimbo ukakatika.

"Mama!" Chiriku alikuwa anacheka kichinichini, kama wanavyocheka watoto kwenye mchezo wa kujificha. "Toka nyuma ya mlango bwana, nimeona vidole vyako!"

Bomba likafungwa.

"Na huo mguu, umeumia wapi?"

Mwandishi alikuwa bado kochini. Alitaka kusimama, akarudi kuketi. Kule bafuni wimbo ukaanza upya.

Safari hii kwa sauti mbili.

Simu ilikuwa imemganda mkononi, imefunguka pale pale kwenye "hariri". Kidole kilining'inia juu yake, naye akawa anatafuta sentensi.