Moshi, Blanketi na Kifua cha Mtoto

Mathabiso aliziba dirisha kwa gunia kwa mara ya tatu asubuhi ile. Kila akigeuka, binti yake Lineo alilizibua.

"We Lineo, una wazimu? Theluji iko mlimani, nawe unamfungulia mtoto baridi!"

"Mama, moshi unatumaliza."

"Moshi haujaua mtu. Mimi nimeuvuta maisha yangu yote."

Jamani! Watoto wa siku hizi wakizaa mmoja tu wanajiona wakunga. Mathabiso alitupa kipande kingine cha samadi kavu motoni. Akamfunga mjukuu wake blanketi, akakaza, akakaza tena. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Alikuwa akikohoa tangu juzi, na sasa alikataa hata kunyonya.

Juu ya mlango palikuwa na mwanzi, alama ya nyumba yenye mzazi. Wanaume hawaingii. Mtoto naye hatoki mpaka miezi mitatu itimie.

Puseletso, dada mhudumu wa afya wa kijiji, alibisha hodi, akaingia. Alimfungua mtoto kifua. Akatazama saa, akahesabu pumzi dakika nzima.

"Sabini na mbili! Kwa mtoto huyu, hata sitini ni hatari. Tazameni, akivuta pumzi nyama ya chini ya mbavu inabonyea. Twende zahanati sasa hivi."

"Hatoki!" alifoka Mathabiso. "Mwanzi huuoni?"

"Nauona, mama. Hebu simama kidogo."

Puseletso alichukua blanketi la Mathabiso mwenyewe. Akamzungushia kifuani na tumboni, akakaza kwa nguvu zote.

"Haya, nigombeze."

Mathabiso hakungoja kuombwa mara mbili. "Wewe mtoto usiye na adabu, unaingia nyumba ya watu, una..." Pumzi ikamkatikia. Akavuta nyingine, haikutosha. "Una... nifungue!"

Lineo alicheka mpaka akaziba mdomo.

"Sasa nisikilize," alisema Puseletso akimfungua. "Hewa huingia puani. Pua huisafisha na kuipasha joto. Inashuka kwenye bomba la kooni, na bomba hilo linagawanyika, moja kwa kila pafu. Ndani ya mapafu mirija inazidi kuwa midogo, mpaka kwenye vifuko vidogo sana. Hapo damu huchukua hewa nzuri na kuacha hewa chafu, nasi tunaitoa nje."

"Na blanketi limefanya nini?" aliuliza Mathabiso.

"Chini ya mapafu kuna msuli mpana. Ukishuka na mbavu zikitanuka, mapafu yanajaa hewa. Ukimkaza mtoto hivi, msuli utashukia wapi? Na moshi unaumiza ile mirija, vijidudu vinapata njia. Vifuko vinajaa majimaji badala ya hewa. Hiyo ndiyo nimonia, mama, na inaua haraka."

Mathabiso alikitazama kifua cha mjukuu wake kikibonyea, kikibonyea. Hofu ikamshika.

"Lineo, viatu! Unangoja nini?"

Akambeba mtoto mwenyewe, akapita naye chini ya mwanzi.

Zahanati iliwapeleka hospitali, wakalazwa siku nane. Mtoto alipewa hewa ya mtungi na sindano. Waliporudi, moto ulihamia kibanda cha jikoni. Mtoto alivikwa joto, lakini blanketi lilifungwa kwa ulegevu, na dirisha lilifunguliwa kila siku. Puseletso alihesabu tena pumzi zake: arobaini na mbili. Sasa alinyonya mpaka Lineo akalalamika.

Mwezi uliofuata binti wa Mamello, jirani yao, alijifungua. Mathabiso alikwenda kumwona mtoto, akakuta chumba kimejaa moshi.

"Utoeni moto huu nje!"

"Ah, Mathabiso," alisema Mamello, "si wanao wote walilelewa kwenye moshi wakakua?"

"Wanne walikua," alijibu Mathabiso. "Wawili niliwazika, nikalaumu baridi. Fungua dirisha."