Nimepokea, Nimeridhika

Gauni la kwanza lilishonwa shingo.

Eufrazia aliligeuza, akaligeuza tena, akajaribu kupitisha vidole pale ambapo kichwa cha mtoto kingepita, vidole vikagoma. Mshono ulikuwa wa karibu karibu, umenyooka kuliko anavyoshona yeye mwenyewe. Lilikuwa gauni jeupe la komunyo ya kwanza. Alikuwa ameliacha mezani shingo ikiwa wazi, akaenda kuepua maharage.

"Irene, umeligusa hili?"

"Sijaligusa, mama. Nilisikia cherehani inalia, nikajua ni wewe."

Cherehani hiyo ilikuwa na siku mbili tu pale Nyandira. Eufrazia aliinunua kwenye Gulio, programu ya simu ambamo watu wanauziana kila kitu bila kuonana nyuso. Picha ilionyesha cherehani ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, mpya, ina maua ya dhahabu ubavuni. Muuzaji aliitwa Abeid, wa Kihonda, Morogoro mjini. Mzigo ulipanda mlimani kwa fuso lililokuwa linarudi kufuata kabichi, na kabla Eufrazia hajakata kamba ya boksi, simu ikaita.

"Mama yangu, nibonyezee kwanza ile 'Nimepokea, nimeridhika'. Usipobonyeza, hela yangu wanaikalia. Na nina mgonjwa ndani."

Watu wa milimani wamelelewa hivi: ukiombwa na mwenye mgonjwa, huanzi kumkagua. Eufrazia akabonyeza. Akaweka nyota tano. Akaongeza na maneno ambayo hakuna aliyemlazimisha kuyaandika: Mungu akubariki, ni muuzaji mkweli.

Ndipo akafungua boksi. Ndani mlikuwa na cherehani kuukuu, imepakwa rangi juu ya kutu, inanuka udi kama nyumba iliyotoka kusomewa dua. Kauziwa mbuzi kwenye gunia! Alipompigia Abeid kulalamika, kijana alijibu mara moja tu: "Mama, mali ikishauzwa hairudishwi." Maneno hayohayo yamebandikwa ukutani kwenye kila duka la nchi hii, na sijui ni laana ya nani iliyotufanya tuyazoee.

Akapeleka dai Gulio. Wakamwomba picha. Eufrazia akapiga picha ya ile kutu, akatazama kioo cha simu, akaona cherehani mpya inang'aa na maua yake ya dhahabu. Irene akapiga kwa simu yake, ikawa vilevile. Walisimama pale wawili, wanaangalia kutu kwa macho na upya kwa simu. Jioni jibu likaja: dai lako halina ushahidi.

Siku iliyofuata ikashonwa mikono ya magauni manne. Katekista akaja na maji ya baraka, akanyunyiza, akaomba kwa sauti. Cherehani ikalowa tu.

Kisha ikamgeukia Irene.

Irene alikuwa na miaka kumi na minane, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya kigango. Ijumaa, saa saba mchana, alikuwa nyuma ya nyumba anamenya viazi na kuimba. Ukungu ulishuka kutoka juu, ukafunika shamba la kabichi, ukafunika banda la nguruwe, na wimbo ukakatika katikati ya mstari. Eufrazia alidhani mtoto kasahau maneno, akangoja aendelee, lakini badala ya sauti ya mwanawe akasikia ndani ya nyumba tiki tiki tiki, taratibu, kama mtu anayejifunza, kisha haraka, kisha haraka zaidi, na harufu ya udi ikatoka mlangoni pamoja na joto ambalo milimani kule halipo, na akakimbia ndani akaona gurudumu la cherehani linazunguka peke yake, sindano inapanda na kushuka, na hakuna kitambaa chini yake, hakuna uzi, inashona hewa, na alipogeuka Irene alikuwa amesimama nyuma yake na machozi yanamtoka, midomo imebanwa, na pale midomo ilipokutana palikuwa na mstari mwembamba wenye vitundu vidogo, vimepangana sawasawa kama pindo la gauni.

Saa nzima ikapita, mdomo ukafunguka. Jumamosi zikapita saa mbili. Jumatatu ukafunguka jua likizama, na Irene akala viazi baridi. Hesabu haikuhitaji shule. Siku moja mdomo ule usingefunguka tena, na mtu hali kwa pua.

Eufrazia alimwendea mjomba wake Pazi, ndugu wa mama yake, mtu wa dawa na wa matambiko ya ukoo. Pazi alikuja, akaishika cherehani kwa kiganja, akautoa mkono upesi.

"Shikamoo, babu," Irene alisema. Ilikuwa asubuhi, bado aliweza.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa mbali na hii." Akamvuta Eufrazia pembeni na kushusha sauti. "Hili ni jini la watu, si mzimu wetu. Na siwezi kulifukuza."

"Kwa nini?"

"Wewe ulisema umeridhika. Lingekuwa limeingia kwa kuvunja mlango, ningelitoa kwa mlango huohuo. Limeingia kwa ridhaa. Mwenyewe aliyeuza lazima alipokee kwa ridhaa yake, biashara ivunjike. Vinginevyo hata ukilitupa mtoni utalikuta mezani."

Eufrazia hakulia. Alifunga cherehani kwa khanga, akamshika Irene mkono, wakapanda lile fuso la kabichi hadi mjini. Njia nzima hasira ilikuwa inamchemka kifuani, na ilikuwa haki yake.

Waliulizia Kihonda nyumba hadi nyumba. Abeid aliwaona kupitia upenyo wa geti, akafunga komeo.

"Mama, ondoka nayo hiyo! Hela nitakurudishia yote. Nakuongezea na nauli. Cherehani kaa nayo!"

"Sitaki hela yako! Pokea mzigo wako, bonyeza hapo kwamba umeupokea!"

"Siwezi."

"Ulijua! Shenzi we, ulijua ina nini, ukaniambia una mgonjwa!"

"Sikukudanganya," Abeid akasema. "Nilikuwa naye. Na mimi niliuziwa mtandaoni, mama. Aliyeniuzia hapatikani kwenye simu."

Mlango wa nyumba ukafunguka nyuma yake. Akatoka mwanamke mwembamba mno, khanga imemzunguka mara mbili. Kuzunguka midomo yake kulikuwa na makovu madogo madogo, yamepangana. Alikuwa Raya, mke wake.

"Aliniambia ameitupa," Raya alisema. Aliongea polepole, kama anayehesabu maneno yaliyobaki. "Fungua geti, Abeid."

"Raya, ulilishwa kwa mpira puani mwezi mzima. Sifungui."

Raya alifungua mwenyewe. Akamtazama Irene usoni, kwa muda mrefu.

"Mama, mdomo wake unafunga saa ngapi?"

"Saa saba."

Ilikuwa saa saba. Mbele ya macho yao midomo ya Irene ikaanza kubanana kutokea pembeni, kitundu baada ya kitundu, huku khanga iliyofunika cherehani inatikisika mikononi mwa mama yake. Irene akamshika Raya bega. Hakuwa anamjua, alishika tu aliyekuwa karibu.

Raya akamnyang'anya mumewe simu.

"Raya, nakuomba! Kwa Mungu!"

"Cherehani ilikuwa yangu. Uliuza changu." Akabonyeza. "Nimeipokea. Kwa ridhaa yangu."

Irene akavuta pumzi kwa mdomo wazi, pumzi ndefu yenye mlio. Raya akachukua cherehani. "Nendeni," akasema, "kabla sijajuta." Walipofika kona ya mtaa wakasikia nyuma ya geti tiki tiki tiki, na Abeid analia kwa sauti.

Magauni yalimalizwa kwa cherehani ya kuazima. Jumapili Irene alianzisha wimbo, na Eufrazia akatazama mdomo wake tangu mwanzo wa misa hadi baraka.

Wiki mbili baadaye, wakiwa jikoni mchana, simu ikalia. Ujumbe ulitoka Gulio.

"Shikamoo mama. Naitwa Furaha, niko Dumila. Nimeona umemsifia muuzaji wa Kihonda. Kweli ni mkweli? Nina mabinti wawili, nataka nianze kushona."

Picha ya cherehani aliyoituma ilikuwa ileile, mpya, na maua ya dhahabu. Chini yake nyota tano, 'Nimepokea, nimeridhika', na maneno yake mwenyewe: Mungu akubariki, ni muuzaji mkweli. Eufrazia akajaribu kuyafuta. Gulio likamjibu kwamba maoni yakishatumwa hayafutwi.

Akaandika: Usinunue. Kisha akamkumbuka Raya na ule mpira wa puani. Akafuta. Akawafikiria mabinti wawili wa Dumila, akaandika tena, kidole kikasimama juu ya kitufe. Asingenunua huyu, Raya angebaki amefungwa mdomo. Na Raya ndiye aliyemrudishia mwanawe mdomo.

"Nani huyo, mama?" Irene aliuliza, anatafuna hindi la kuchoma.

Simu ikalia tena.

"Basi mama, nilikuwa nimeshaagiza, na mzigo umefika sasa hivi. Ameniomba nibonyeze kwanza, maana ana mgonjwa. Nimebonyeza."

"Mama? Nani?"

Irene alimwita mara ya tatu. Eufrazia hakujibu. Midomo yake mwenyewe ilikuwa mizima, haina kitundu hata kimoja.